Somo la Wiki: Mfuko na Mtaro

Watoto, maneno ya leo: mfuko, kikapu, mtaro, mbu.

Mfuko wa plastiki Tanzania huitwa rambo, Kenya juala. Mnunuzi aliupenda: mwepesi, tena wa bure. Ukitupwa huziba mtaro, maji yakatuama, mbu wakazaliana. Anayeugua (hapa nasema kama muuguzi) huenda ni mtoto wa jirani ambaye hakununua kitu. Kuombana tu hakukutosha, ikaja sheria: Zanzibar 2006, Kenya 2017, Tanzania Bara 2019, na hapa Qatar tarehe 15 Novemba 2022.

Wazazi, mkienda likizo msibebe mifuko hiyo.

Zoezi: mpigieni bibi simu. Zamani alibebea nini samaki kutoka sokoni? Andikeni sentensi tatu.