Fuvu, Ubongo na Akili: Suala la Istilahi katika Mafunzo ya Watafiti wa Sayansi ya Ubongo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza msamiati wa Kiswahili unaohusu fuvu, ubongo na akili kwa kuzingatia mahitaji ya mtafiti wa sayansi ya ubongo anayefanya kazi miongoni mwa wasemaji wa lugha hii. Yanaanzia katika fuvu lililohifadhiwa Kalenga, mkoani Iringa, kisha yanachambua maneno ya msingi na majina ya baadhi ya magonjwa. Hoja kuu ni kwamba uchambuzi wa maana ni sehemu ya mbinu za utafiti wenyewe, na kwa hiyo unapaswa kuingizwa katika mafunzo ya watafiti hao.

1.0 Utangulizi

Kalenga, kijiji kilicho karibu na mji wa Iringa, kilikuwa makao makuu ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe. Ngome yake ilitekwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894, miaka mitatu baada ya Wahehe kuliangamiza jeshi la Zelewski huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Mkwawa aliendelea kupigana porini hadi Julai 1898, alipojiua kwa risasi huko Mlambalasi ili asitiwe mbaroni. Kichwa chake kilikatwa na kuchukuliwa na Wajerumani. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kiliitaka Ujerumani ilirejeshe fuvu hilo, lakini fuvu halikurejea hadi mwaka 1954. Leo limo katika jumba la makumbusho la Kalenga.

Habari hizi zimeelezwa sana na wanahistoria. Ambalo halijaangaliwa vya kutosha ni kwamba fuvu hilo ni ushahidi pia katika historia ya sayansi ya ubongo, na kwamba ushahidi huo una somo la kiisimu.

2.0 Fuvu la Kalenga na kosa la kipimo

Katika karne ya 19 wataalamu wengi wa Ulaya waliamini kuwa umbo la fuvu hufunua tabia ya ubongo uliomo, na kwamba ubongo nao hufunua akili ya mtu na ya kabila lake. Katika miaka ya 1840 Anders Retzius wa Sweden alianzisha kipimo cha uwiano wa upana wa fuvu kwa urefu wake. Kipimo hicho kilienea, na mafuvu ya watu wa makoloni yakakusanywa kwa maelfu ili yapimwe.

Gavana Edward Twining alipokwenda katika jumba la makumbusho la Bremen mwaka 1953 kulitafuta fuvu la Mkwawa, alikuta mkusanyiko wa mafuvu yapatayo 2,000, na 84 kati yake yalitoka katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Alitumia kipimo kile kile: aliyatenga mafuvu ambayo uwiano wake ulikaribiana na ule wa vichwa vya jamaa za Mkwawa waliokuwa hai, kisha akachagua lenye tundu la risasi. Wapo waliotilia shaka utambuzi huo. Hata hivyo, fuvu lilipokewa Kalenga kwa heshima zote, na heshima hiyo haikutegemea uwiano wa upana na urefu.

Kosa la wapimaji wa kale halikuwa katika hesabu. Hesabu zao mara nyingi zilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa katika maana: walichukua neno moja, yaani fuvu, wakalisoma kana kwamba ni la pili, yaani ubongo, na hilo la pili wakalisoma kana kwamba ni la tatu, yaani akili. Sayansi ya ubongo ya leo imeachana na kipimo hicho, lakini hatari ya kuruka kutoka dhana moja hadi nyingine bila kutambua bado ipo. Hatari hiyo huongezeka pale mtafiti anapofikiri kwa lugha moja na kuuliza maswali kwa nyingine.

3.0 Uwanja wa maana wa maneno ya msingi

3.1 Ubongo na akili

Neno ubongo ni la Kibantu. Linganisha obwongo la Kiganda na ubwonko la Kinyarwanda. Hurejelea kiungo kilichomo ndani ya fuvu. Hata hivyo, umbo la wingi, bongo, limepata maana ya ujanja na uwezo wa kufikiri, kama katika chemsha bongo, na kutokana na maana hiyo likawa jina la mitaani la Dar es Salaam na hata la nchi nzima. Neno akili, lenye asili ya Kiarabu, hurejelea uwezo na si kiungo. Methali isemayo akili ni nywele, kila mtu ana zake, huiweka akili kichwani lakini haiiweki ndani ya ubongo.

Tofauti hii ina matokeo katika tiba. Nchini Tanzania wagonjwa wengi wa kifafa huhudumiwa katika kliniki za magonjwa ya akili. Mpangilio huo unatokana na uchache wa wataalamu, lakini msemaji wa kawaida husoma jina la mlango. Mgonjwa ambaye ubongo wake una hitilafu, na akili yake ni timamu, huingia katika mlango unaosema kuwa akili yake ndiyo yenye ugonjwa.

3.2 Fahamu na mshipa

Neva huitwa pia mishipa ya fahamu. Istilahi hii ina sifa ya uangavu, kwani inaeleza kazi ya kitu. Tatizo liko katika neno mshipa lenyewe, ambalo hutumika kwa njia ya damu na kwa neva, na tena, likisimama peke yake, hutumika kwa ugonjwa wa ngiri au wa busha. Tuchukue sentensi ya kubuni: “Tutapima mishipa yako.” Mtafiti amekusudia neva za mkono, mzee aliyeketi mbele yake anaweza kufikiria damu, au jambo la siri lisilosemwa mbele za watu. Ridhaa atakayoitoa itakuwa ridhaa ya jambo jingine. Vivyo hivyo, uti wa mgongo hutumika kwa mifupa na kwa neva zilizomo ndani yake, na homa ya uti wa mgongo ni jina la ugonjwa unaoshambulia utando unaofunika ubongo pia.

4.0 Majina ya magonjwa

4.1 Kifafa na degedege

Umbo la neno kifafa linaruhusu kuchanganuliwa kuwa ki- na mzizi -fa uliorudufiwa. Iwe uchanganuzi huo ni wa kihistoria au la, msemaji husikia kifo ndani yake. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika juu ya wagonjwa waliotengwa kwa kuogopwa kuwa wanaambukiza, na walioungua vibaya kwa kuanguka motoni.

Degedege, yaani mitukutiko ya mtoto mwenye homa kali, ni urudufishaji wa dege, ndege mkubwa, na katika sehemu nyingi huhusishwa na ndege au pepo. Utafiti uliofanyika Bagamoyo katika miaka ya 1990 ulionyesha kuwa wazazi wengi waliichukulia degedege kuwa ugonjwa tofauti na malaria, hivyo walianza kwa mganga wa jadi. Katika ugonjwa unaoweza kuua kwa saa chache, mpaka wa maana kati ya maneno mawili huwa mpaka kati ya uhai na kifo.

4.2 Tegu la nguruwe katika Nyanda za Juu Kusini

Iringa, Njombe na Mbeya ni maeneo yenye ufugaji mkubwa wa nguruwe. Tafiti zilizofanyika nchini, hasa wilayani Mbulu, zimeonyesha kuwa baadhi ya wagonjwa wa kifafa wana vifuko vya mabuu ya tegu la nguruwe ndani ya ubongo. Hapa uteuzi wa maneno una uzito wa pekee. Mtu anayekula nyama yenye mabuu isiyoiva vizuri hupata tegu tumboni. Anayepata vifuko ubongoni ni yule aliyemeza mayai ya tegu yaliyotoka katika kinyesi cha binadamu, kwa njia ya mikono, maji au mboga. Kwa hiyo asiyekula nguruwe kabisa aweza kuupata ugonjwa huu.

Ujumbe usemao “nyama ya nguruwe huleta kifafa” unafuta tofauti kati ya yai, buu na tegu. Mwislamu au Msabato atajiona salama, mfugaji atajiona anashambuliwa, na choo hakitatajwa. Maneno matatu yanayohitajika yamo katika Kiswahili tayari. Kinachohitajika ni kuyatumia kwa mpangilio.

4.3 Konzo

Mfano wa mwisho unaelekea upande mwingine. Konzo ni ugonjwa wa kupooza miguu kwa ghafla, unaowapata watu wanaokula mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri. Jina hilo ni la Kiyaka, lugha ya Kongo, na lina maana ya miguu iliyofungwa. Mlipuko uliotokea Tarime mwaka 1985 ulichunguzwa na William Howlett na wenzake, na matokeo yakachapishwa mwaka 1990 kwa jina hilo hilo. Leo ni istilahi ya kimataifa. Neno la wanakijiji lilipita kigezo cha usahihi kwa sababu walioliunda walikuwa wameuangalia ugonjwa kwa makini.

5.0 Mafunzo ya watafiti

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Ubongo, lililoanzishwa mwaka 1961, na Jumuiya ya Wanasayansi wa Neva wa Afrika, iliyoundwa mwaka 1993, zimewapa vijana watafiti wa bara hili nafasi za kujiendeleza. Mafunzo hayo hulenga mbinu za maabara, takwimu na uandishi wa makala, nayo hutolewa kwa lugha za kigeni. Kwa upande wa Kiswahili, TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990 na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Kazi hizo ni msingi mzuri, lakini kamusi humpa mtafiti kisawe. Haimwonyeshi jinsi kisawe hicho kinavyosikika Kalenga.

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, kila istilahi katika fomu ya ridhaa ijaribiwe kwa kumwomba msikilizaji aieleze upya kwa maneno yake mwenyewe. Kutafsiri tena kwa Kiingereza hakutoshi, maana mfasiri na mtafiti wana elimu moja. Pili, mtafiti akusanye majina ya dalili katika lugha ya mahali, kwa mfano Kihehe au Kibena, kabla ya kuunda dodoso la Kiswahili. Tatu, idara za Kiswahili na vyuo vya tiba vishirikiane kuwafundisha wanafunzi wa shahada za juu semantiki ya mwili na maradhi, na somo hilo lihesabiwe kuwa la mbinu za utafiti.

Huenda ikadaiwa kuwa mtafiti wa maabara anayechunguza seli za neva hana haja na haya yote. Dai hilo lina ukweli kwa kadiri anavyobaki na seli. Lakini seli hizo zikiwa zimetoka kwa mtu, kuna siku mtu huyo aliulizwa swali, na swali hilo lilikuwa na maneno.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa fuvu, ubongo na akili ni dhana tatu ambazo sayansi ya zamani ilizichanganya, na kwamba msamiati wa Kiswahili huzitenganisha katika baadhi ya mazingira na kuzichanganya katika mengine. Yameonyesha pia kuwa majina ya maradhi huathiri mahali mgonjwa anapopelekwa na muda anaochelewa. Anayezuru Kalenga huona fuvu lililopimwa na wataalamu kwa zaidi ya nusu karne bila yeyote kati yao kuwauliza Wahehe wanaliitaje. Mtafiti wa ubongo anayeanza kazi leo katika Nyanda za Juu Kusini ana nafasi ya kuanza na swali hilo.