Uchungu Uliofichwa Moyoni

Soma 1 Samweli 1:1–18. Ni nani aliyeufahamu uchungu wa Hana, na faraja yake ilianza lini?

Mwaka baada ya mwaka Hana alipanda Shilo kuabudu, huku Penina akimchokoza kwa sababu hakuwa na mtoto. Elkana, mumewe, alimpenda, lakini alidhani upendo wake ulitosha kuziba pengo hilo. Kuhani Eli alipoona midomo yake ikitikisika bila sauti, alimdhania kuwa amelewa. Hana aliumia katikati ya watu wa ibada, wala hakuna aliyemwelewa.

Lakini mbele za Bwana hakujifanya mzima. Alimweleza yote kwa machozi. Kisha akaenda zake, akala, na huzuni ikamtoka usoni. Wakati huo Samweli alikuwa bado hajazaliwa. Faraja ilitangulia jibu, kwa kuwa Hana alimwachia Mungu mzigo wake.

Huenda anayeketi karibu nawe Sabato hii anatabasamu huku moyo wake unalia. Utafanya nini ili usimhukumu, kama Eli alivyofanya mwanzoni, bali umsikilize na kumbariki, kama alivyofanya baadaye?