Kufuatilia malipo na mawindo ya zamani

Swali: Mkuu wangu kazini ameniandikia "chase the payment". Ana maana gani, na neno "chase" limetoka wapi?

Jibu: Anataka uyafuatilie malipo: mpigie mteja simu, mkumbushe, usimwache mpaka alipe. Hajakuambia umgombeze mtu.

Asili yake ni uwindaji. Waingereza walilipata kwenye Kifaransa cha kale, "chacier", yaani kuwinda, lenye mzizi katika Kilatini "captare", kujaribu kukamata. Ndugu zake ndio wanaonivutia zaidi. "Catch", kukamata, limetoka shina hilohilo kupitia Kifaransa cha Wanormani. Na "purchase", kununua, zamani lilikuwa kusaka kitu hadi ukipate.

Ila chunga: ukiongeza "away" maana inageuka, unamfukuza aondoke. Mteja hutaki aondoke.