Ushuru nimelipa, mbona wamerudi?

Swali: Kontena langu lilitoka bandari ya Dar es Salaam mwaka jana, ushuru nikalipa. Sasa maofisa wengine wa forodha wanataka hesabu zangu. Wana haki?

Jibu: Wanayo. Hao ni wa kitengo cha ukaguzi wa baada ya mzigo kutoka. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inawaruhusu kudai nyaraka ndani ya miaka 5 tangu uingize mzigo. Bandarini kuna haraka, ndiyo maana ukaguzi mwingine hufanywa baadaye. Pale, maofisa wanaochambua vihatarishi huamua kontena lipi lipite, lipi lipigwe skana, lipi lifunguliwe. Hawa wa sasa hulinganisha bei uliyotangaza na ulichomlipa muuzaji kupitia benki. Wakala wako wa forodha awepo wanapokuja, ingawa maswali mengi yatakuangukia wewe.