Usiguse Beringi Kabla ya Kupima

Maghorofa ya Mchafukoge, Dar es Salaam, yanaishi kwa pampu. Maji huingia kwenye tangi la chini, pampu huyapandisha hadi juu. Ikigoma, jengo zima linabeba ndoo. Pampu hizo ni darasa zuri la kujifunza kusoma mtetemo, lakini si za kuchezea. Anayekuja kujifunza kwa vitendo ashike haya.

Kata umeme kwenye swichi kuu, funga kufuli, ufunguo utie mfukoni mwako, ndipo ufungue kava la kapulingi. Pampu nyingi hujiwasha zenyewe tangi la juu likipungua, na flota inayoziwasha haijui kama vidole vyako vimo ndani. Wakati wa kupima mashine huwa inazunguka: kava libaki mahali pake, kanzu na mtandio viachwe nje.

Usianzie kwenye mashine mbovu. Pima nzima kwanza, andika namba na tarehe. Asiyejua pampu ilivyotetemeka ikiwa na afya, atabahatisha ikiugua.

Pima palepale kila mara. Weka alama ya rangi kwenye nyumba za beringi, upande wa mota na upande wa pampu. Pima kwa mlalo, kwa wima na kwa kufuata shafti. Sumaku ya kihisi ikae kwenye chuma kisafi. Usiibandike kwenye kava la feni. Bati lile lina kelele zake.

Jua kasi kabla ya kusoma grafu. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo mota ya pole mbili huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika, ya pole nne karibu 1,450. Kilele kinachokuja mara moja kwa mzunguko, shuku uzito usiolingana. Mara mbili, hasa kwa kufuata shafti, shuku alaimenti ya kapulingi. Hapa wengi huanguka: mara mbili ya 2,900 ni kama hezi 97, na hitilafu ya umeme wa mota huonekana kwenye hezi 100. Kwenye grafu hafifu vilele hivyo viwili huonekana kimoja. Zima umeme huku unatazama: kilele cha umeme hupotea papo hapo, cha kapulingi hushuka pamoja na kasi. Beringi nayo haifuati idadi kamili ya mizunguko. Namba 6205 yenye gololi 9, ikiwa na kidonda kwenye ringi ya nje, hugonga takriban mara 3.6 kwa kila mzunguko.

Usitangaze ugonjwa kwa namba moja. Kiwango cha ISO 10816 kiliweka mashine ndogo, hadi kilowati 15, kwenye eneo la hatari ikivuka milimita 4.5 kwa sekunde. Namba hiyo inasema mashine inaumwa. Haisemi inaumwa nini.

Usikimbilie Kariakoo kununua beringi. Zima mashine, legeza bolti za miguu moja baada ya nyingine, pitisha fila geji chini yake. Mguu usiokaa sawasawa huua beringi mpya kama ulivyoua ya zamani. Ukilazimika kununua, dai risiti, na bei ikishuka mno, ondoka. Beringi bandia zipo.

Usimdharau fundi mzee anayeweka bisibisi sikioni. Anasikia kweli. Ila sikio halilinganishi mtetemo wa Januari na wa Juni.

Usijiite mtaalamu kwa sababu umepakua programu ya mtetemo kwenye simu. Kiwango cha ISO 18436-2 kina ngazi nne za wachambuzi, na hata ya kwanza ina mtihani.

Ukishatengeneza, pima tena siku hiyohiyo, kabla ya kukusanya spana. Mtetemo usiposhuka, hujatengeneza kitu. Usidai hela.