Sinema za Biblia: Zinatengenezwaje Hata Zikaonekana za Kweli?



Katika vijiji vyetu vingi watu wamekwisha kuona sinema ya Yesu. Gari linafika jioni. Shuka nyeupe inafungwa kwenye ukuta wa shule au kati ya miti miwili. Jenereta inawashwa, na kijiji kizima, wazee kwa watoto, wanakaa chini kutazama. Sinema inayoonyeshwa sana ni ile iitwayo Yesu, iliyotengenezwa mwaka 1979 kwa kufuata Injili ya Luka. Imetafsiriwa katika lugha zaidi ya 2,000, na Kiswahili kimo.

Siku ya pili, katika vikundi vya kujisomea, huulizwa swali moja. Wengine huliuliza kwa sauti ya chini, maana wanaona haya. Swali lenyewe ni hili: "Hivi yule tuliyemwona jana ndiye mwenyewe?"

Swali hili lisichekwe. Anayeuliza amemwona mtu akitembea, akila mkate, akipigwa na kutoka damu. Macho yake yamemwambia kuwa ni kweli. Basi leo tujifunze jinsi sinema za namna hiyo zinavyotengenezwa, ili kila mtu ajue anachotazama.

Jibu la swali ni kwamba siye. Yule ni mwigizaji, Mwingereza aitwaye Brian Deacon. Hata Kiswahili kile hakukisema yeye. Alisema Kiingereza, kisha sauti ya mtu mwingine ikabandikwa juu ya picha. Zamani za Yesu hakukuwa na kamera. Kamera za sinema zilianza kutumika miaka ya 1890. Kwa hiyo sinema yo yote ya Biblia ni mchezo wa kuigiza, kama ule unaochezwa na watoto kanisani wakati wa Krismasi, ila huu umepigwa picha.

Lakini hapo linazuka swali gumu zaidi. Ikiwa zote ni michezo, mbona nyingine zinatuliza machozi na nyingine zinatuchosha? Kitu gani kinaifanya sinema ionekane ya kweli?

Tuchukue mfano mmoja tuuchunguze vizuri. Mwaka 1964, nchini Italia, ilitoka sinema iitwayo Injili ya Mathayo. Aliyeiongoza ni Pier Paolo Pasolini, mshairi na mwandishi wa vitabu. (Mwongozaji wa sinema ni yule anayeamua nani acheze, asimame wapi, na kamera itazame wapi.) Pasolini hakuwa mtu wa dini. Alikuwa mfuasi wa mawazo ya Karl Marx, na alisema wazi kuwa haamini. Tena mwaka 1963 mahakama ya Roma ilimtia hatiani kwa kuidharau dini, kwa sababu ya sinema fupi aliyoitengeneza.

Sinema hiyo fupi inatufaa katika somo letu. Inaonyesha watu wanaotengeneza sinema ya mateso ya Yesu. Wana mavazi mazuri ya rangi rangi na chakula tele. Kati yao yumo maskini mmoja aliyeajiriwa kutundikwa msalabani awe mmoja wa wale wezi wawili. Chakula alichopewa amewapa mkewe na watoto. Anashinda na njaa. Mwishowe anapata jibini, anakula nyingi kupita kiasi, na anakufa kweli juu ya ule msalaba wa kuigiza, mbele ya wakubwa waliokuja kutazama. Pasolini alikuwa anasema hivi: mnatengeneza picha ya Yesu, na maskini mwenyewe yupo mbele yenu anakufa, hamumwoni. Sisi hatuoni kwamba hayo ni matusi kwa dini. Mahakama iliona vingine.

Je, mtu kama huyo alifikaje kwenye Injili? Kwa kusoma. Mwezi Oktoba 1962 alikuwa mgeni katika mji wa Assisi. Siku hiyo Papa Yohane wa 23 alikuja kuzuru mji, njia zote zikajaa watu. Pasolini alibaki chumbani. Kando ya kitanda palikuwa na Injili. Akaichukua, akaisoma Mathayo kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hapo ndipo alipopata wazo la sinema yake. Papa huyo alifariki mwaka 1963, na sinema ilipotoka ilitolewa kwa kumbukumbu yake.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutafuta mahali. Mwaka 1963 Pasolini alisafiri mpaka Palestina, penyewe palipotajwa katika Biblia, akifuatana na padre. Ungedhani hapo mambo yamekwisha, maana pahali pa kweli ni pale. Kumbe sivyo. Alikuta mashamba makubwa ya kisasa, viwanda na majengo mapya. Akaona kuwa pahali pamebaki na jina, lakini sura imeondoka. Akarudi Italia, akaenda upande wa kusini, kwa wakulima maskini.

Upande huo uko mji wa Matera. Nyumba nyingi za mji ule zimechimbwa ndani ya mwamba, kama mapango. Watu waliishi humo pamoja na punda na kuku wao. Mwaka 1952 serikali ya Italia ilipitisha sheria ya kuwahamishia katika nyumba mpya, kwa kuwa maisha yale yalikuwa ya taabu na maradhi. Matera ndiyo iliyofanywa Yerusalemu.

Halafu wachezaji. Pasolini hakuchukua waigizaji wenye majina. Yesu aliigizwa na Enrique Irazoqui, mwanafunzi wa miaka 19 kutoka Hispania. Kijana huyo alikuwa amekuja Italia kutafuta msaada wa kuipinga serikali ya Jenerali Franco. Hakuwa amewahi kuigiza, na hakuja kwa ajili hiyo. Yuda aliigizwa na dereva wa lori. Mariamu wa siku za msalaba, yule mama mzee anayelia, ni Susanna, mama yake Pasolini mwenyewe. Mama huyu alikuwa amepotelewa na mwana wa pili, Guido, aliyeuawa mwaka 1945 wakati wa vita. Anapoanguka chini ya msalaba, mtazamaji anayeijua habari hiyo hawezi kuuliza kama ni maigizo.

Wengi katika makundi ya watu walikuwa wakulima wa pale pale. Wana mikono migumu. Wengine meno yametoka. Nyuso zao zimechomwa na jua la shambani. Mtu wa namna hiyo huhitaji kumfundisha jinsi ya kukaa chini na kumsikiliza mhubiri. Hapa, kwa maoni yetu, ndipo penye siri ya sinema hii. Mavazi yanaweza kushonwa na hekalu linaweza kujengwa kwa mbao na kupakwa rangi, lakini mkono uliozoea jembe haushonwi.

Kamera nayo ilifanya kazi yake. Tazama Yesu anaposhitakiwa. Katika sinema nyingine tungewekwa mbele kabisa, kama wageni wa heshima. Pasolini aliiweka kamera nyuma ya umati. Tunaona visogo vya watu. Kichwa cha mmoja kinaziba, tunanyoosha shingo. Wakubwa wako mbali, maneno yao yanasikika kwa shida. Nani kati yetu hajawahi kusimama hivyo nje ya mahakama ya mwanzo, ndugu yake akiwa ndani?

Maneno yanayosemwa yametolewa katika kitabu cha Mathayo. Pasolini hakuongeza ya kwake. Mathayo akinyamaza, sinema nayo inanyamaza. Mwanzoni kabisa tunamwona Mariamu, msichana mdogo, mwenye mimba. Yusufu anamtazama. Hawasemi lo lote. Yusufu anageuka na kuondoka. Mtu aliyeishi kijijini anajua mambo kama hayo yanavyokuwa, hahitaji kuelezwa.

Liko na jambo linalotuhusu sisi watu wa Afrika. Muziki wa sinema hii umetoka sehemu mbalimbali za dunia, na mmoja ni wa Kongo. Ni Misa ya Kiluba, iliyoimbwa na wavulana na walimu wa mji wa Kamina, katika Katanga, wakiongozwa na padre Mbelgiji aitwaye Guido Haazen. Waliimba kwa Kilatini, lakini kwa mtindo wa kwao na kwa ngoma zao. Sauti zao zilirekodiwa mwaka 1958. Miaka sita baadaye zikasikika katika sinema ya Italia. Yesu anapofufuka, ni ngoma za Kongo zinazolia.

Sasa tujihadhari. Tusiseme kwamba sinema hii ndiyo ukweli mtupu. Matera si Yerusalemu. Mavazi ya makuhani, na hasa yale makofia yao makubwa, yaliigwa kutoka picha za wachoraji wa Italia wa zamani. Sauti ya Yesu si ya yule kijana Mhispania, bali ya mwigizaji wa Italia, Enrico Maria Salerno. Yaani uso wa mmoja, sauti ya mwingine, mji wa watu wengine, ngoma za Kongo. Hata hivyo, mwaka 2014 gazeti la Vatikani, makao makuu ya Kanisa Katoliki, liliisifu kuwa ndiyo sinema bora ya Yesu iliyowahi kutengenezwa. Na aliyeitengeneza ni mtu asiyeamini.

Miaka 40 baadaye, mwaka 2004, ilitoka sinema nyingine, The Passion of the Christ, yaani Mateso ya Kristo, ya Mel Gibson wa Marekani. Naye alikwenda Matera. Yeye alitafuta ukweli kwa njia nyingine. Wachezaji walisema Kiaramu, Kiebrania na Kilatini. Mwigizaji wa Yesu, Jim Caviezel, ana macho ya buluu, yakageuzwa kwa kompyuta yawe ya kahawia. Majeraha yalitengenezwa kwa ufundi mkubwa hata watu wakashindwa kutazama. Ni kazi kubwa, hatukatai. Lakini damu ikiwa nyingi, mtazamaji hufumba macho, na aliyefumba macho haoni kitu.

Tuache sasa Ulaya, twende Mali, Afrika Magharibi. Mwaka 1999 Cheick Oumar Sissoko alitoa sinema iitwayo Mwanzo, kutoka kitabu cha kwanza cha Biblia. Yeye hakutafuta Palestina wala Italia. Aliipiga chini ya milima ya mawe ya Hombori, nchini mwake, na watu wanasema Kibambara. Esau aliigizwa na Salif Keita, mwimbaji maarufu. Yakobo aliigizwa na Sotigui Kouyaté. Watu wa Yakobo ni wafugaji. Watu wa Hamori ni wakulima waliotulia mahali pamoja. Watu wa Esau ni wawindaji.

Habari inatoka hasa katika sura ya 34. Shekemu, mwana wa Hamori, anamchukua Dina, binti Yakobo, kwa nguvu. Baadaye anataka kumwoa. Hamori anakuja kuomba na kusema atalipa mahari yo yote. Wana wa Yakobo wanakubali kwa hila, kisha wanaua wanaume wote wa mji na kuchukua ng'ombe, kondoo na punda. Wafugaji na wakulima, binti aliyeharibiwa, baraza la wazee lisilosikilizwa, siku ya mapanga. Sissoko hakuwa na haja ya kuuleta ulimwengu wa Biblia Mali. Ulikuwa pale tayari. Mwaka 2019, katika kijiji cha wafugaji cha Ogossagou, Mali ya kati, watu zaidi ya 150 waliuawa kwa siku moja. Na sisi Watanzania tunaikumbuka Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, Desemba 2000, walipouawa watu 38 katika ugomvi wa wakulima na wafugaji.

Mtu mmoja anaweza kusema: kwa nini kuigiza manabii hata kidogo? Wenzetu Waislamu wengi hawapendi nabii aigizwe na mtu, na tuiheshimu imani yao. Pia wako Wakristo wanaoogopa kwamba sura ya mwigizaji itakaa kichwani, na mtu akisali ataona uso wa yule Mwingereza. Hofu hiyo ina msingi. Dawa yake ni kitabu, na ninyi wasomaji wetu sasa mnaweza kukifungua wenyewe.

Basi kikundi kifanye kazi hii. Chukueni Biblia, mtu mmoja asome kwa sauti na wengine wafuatishe.

Someni Mathayo sura ya 2. Sinema nyingi huonyesha mamajusi watatu waliokuja kumwona mtoto. Je, Mathayo ametaja idadi yao? Ni kitu gani kilicho vitatu?

Someni Mathayo 1, mstari wa 18 hadi 25. Mariamu anasema maneno mangapi? Kama mngekuwa waongozaji wa sinema, mngempa maneno ya kusema, au mngemwacha anyamaze? Kila mtu atoe sababu yake.

Mwisho someni Mwanzo sura ya 34 yote. Msiharakishe. Andikeni kila anayesema katika sura hiyo: Hamori, Shekemu, wana wa Yakobo, Yakobo. Halafu tafuteni Dina anasema nini. Kama sinema hii ingepigwa katika kijiji chenu, nani angefaa kuwa Hamori, na baraza lingekaa chini ya mti gani? Sura hiyo inamalizika kwa swali ambalo halikujibiwa. Tafuteni ni lipi, nani wanaliuliza, na mzee Yakobo alikuwa amewaambia nini kabla ya hapo.