Jirani amevuna zaidi: ni mbegu ao ni kitu kingine?

Somo la vikundi: soma kwa sauti katika mkutano, kisha mzungumze pamoja



Somo la leo ninalianza na kosa langu mimi mwenyewe. Nilikuwa nimetoka chuo cha kilimo miaka miwili tu. Katika koperative moja ya mlimani nilikuta wanamemba fulani wamepanda mbegu mpya ya maharagi, yale yenye kupanda juu ya miti. Walikuwa wamevuna mingi kuliko wenzao wenye mbegu ya kienyeji. Nikahesabu magunia, nikaandika ripoti, nikasema mbele ya mkutano: "Mnaona wenyewe, ni mbegu." Koperative ikagawa mbegu hiyo kwa deni.

Msimu uliofuata wengi walivuna kidogo, lakini deni lilibaki palepale. Mama mmoja mjane aliuza mbuzi wake ili alipe. Aliniambia bila hasira: "Mwanangu, ulihesabu magunia, lakini haukuhesabu ng'ombe."

Alisema kweli. Wale wa kwanza waliopanda mbegu mpya walikuwa watu wenye ng'ombe. Shamba lao lilipata mbolea ya zizi. Walikuwa pia na miti ya kutosha ya kuegemeza maharagi. Mbegu ilisaidia, ndiyo, lakini sehemu kubwa ya mavuno yale ilitoka kwenye zizi. Mimi nikaipa mbegu sifa yote.

Kitu kama yale mazizi tunakiita sababu iliyojificha. Kina alama mbili. Kwanza, kinatembea pamoja na kile unachokiangalia: mwenye ng'ombe ndiye aliyenunua mbegu mpya. Pili, chenyewe kinaleta matokeo: mbolea inaongeza mavuno hata kwa mbegu ya zamani. Alama zote mbili zikiwapo, jicho linadanganyika.

Mfano mkubwa: ugonjwa wa konzo

Kosa hili halipatikani shambani tu. Linapatikana pia katika utafiti wa afya, na mfano mmoja ni wa inchi yetu. Konzo ni ugonjwa wa kupooza miguu. Mtu analala mzima, pengine kesho yake miguu imekaza, na hairudi tena kama zamani. Unashika zaidi watoto na akina mama. Daktari Trolli aliandika juu yake mwaka 1938, katika eneo la Kwango. Jina lenyewe linatoka katika Kiyaka, maana yake ni miguu iliyofungwa. Hata huku kwetu Kivu ya Kusini, wagonjwa wa konzo walipatikana Burhinyi, na habari yao iliandikwa mwaka 2011.

Watu waliona nini? Waliona konzo inaingia katika nyumba moja na kushika watoto wawili, watatu. Wengine wakasema ni ulozi. Wengine wakasema ni ugonjwa wa kuambukiza, na watafiti wakatafuta virusi katika damu ya wagonjwa. Havikuwa ndiyo sababu. Watu wa nyumba moja hawakuambukizana: walikula chungu kimoja. Katika chungu hicho mlikuwa bugari ya mihogo michungu ambayo haikutayarishwa vizuri, ingali na sumu ya sianidi. Na pembeni ya bugari hapakuwa na maharagi, samaki wala nyama, vyakula vinavyosaidia mwili kuitoa sumu hiyo.

Sasa, angalia mtego wa pili. Mtu angeweza kusema: "Basi kosa ni la mihogo michungu, tuing'oe yote." Lakini vijiji vingi vinakula mihogo michungu tangu zamani na havina konzo. Watafiti waliochunguza jambo hili katika Bandundu, wakatoa habari yake mwaka 1992, waliangalia namna akina mama wanavyoloweka. Barabara nzuri ilikuwa imeleta biashara ya mihogo kuelekea Kinshasa. Wachuuzi walikuwa na haraka, kwa hiyo siku za kuloweka zilipungua kutoka 3 hadi 1 tu. Mihogo ilikuwa ileile, lakini sumu ilibaki ndani.

Kama wangeng'oa mihogo michungu bila kuuliza juu ya maji na siku, wangeleta njaa juu ya ugonjwa. Kwa hiyo, kutafuta sababu ya kweli si mchezo wa watu wa vitabu. Dawa ya uongo inaweza kuumiza kuliko ugonjwa.

Namna ya kulinganisha kwa haki

Ukitaka kujua kazi ya kitu kimoja, linganisha watu ao mashamba yanayofanana katika mambo mengine yote. Maskini kwa maskini. Mwenye ng'ombe kwa mwenye ng'ombe. Mihogo michungu ya siku 3 kwa mihogo michungu ya siku 1. Ningalifanya hivyo mwaka ule, mbuzi wa mama yule angebaki nyumbani.

Kabla koperative haijatoa franka kwa mbegu, mbolea ao dawa mpya, fanyeni hivi:

1. Chagueni mashamba ya wanamemba mbalimbali: wenye mifugo na wasio nayo, ya bondeni na ya mlimani.
2. Katika kila shamba pimeni vipande 4 vinavyolingana, kwa mfano mita 5 kwa mita 5.
3. Andikeni kwenye vikaratasi 4: mbegu mpya 2, mbegu ya kienyeji 2. Mtoto avivute kwenye kofia, kikaratasi kimoja kwa kila kipande. Msichague wenyewe, juu mkono wa mkulima unapenda kuipa mbegu mpya udongo mzuri.
4. Siku ya kupanda, nafasi, mbolea na palizi viwe sawa kwa vipande vyote.
5. Pimeni mavuno kwa kilo, kila kipande peke yake. Msikadirie kwa macho.
6. Rudieni msimu wa pili, juu mvua ya msimu mmoja inaweza kudanganya.

Kama mbegu mpya inashinda katika mashamba yenye mbolea tu, semeni hivyo waziwazi. Hapo koperative itajua kwamba asiye na ng'ombe anahitaji kwanza mboji, ndipo mbegu.

Maswali ya kikundi

Watu wanasema: "Watoto wa wanamemba wa koperative hawaugui sana kama wale wa nje." Je, ni koperative inayowalinda? Ao wanaoingia ni wale wenye uwezo wa kulipa mchango, walio na maji safi karibu? Namna gani mngelinganisha kwa haki?

Na kwa jiko la leo usiku

Mihogo michungu iloweke siku 3 kamili, hata mchuuzi akipiga kelele barabarani. Kama una mashaka na unga, uchanganye na maji, uutandaze mwembamba juu ya mkeka saa 2 kwenye jua ao saa 5 kivulini, ili sumu itoke hewani. Kisha upike bugari siku hiyohiyo. Na usiuze maharagi yote: baki na ya watoto.

Tuonane shambani.